Ukurasa wetu uende hadharani: mlango upi tufungue, mlango upi tufunge?

Hotuba kwa kamati za familia zilizokimbia vita, viongozi wa kambi na mashefu wa vijiji vinavyowapokea, Ituri



Mmetuomba tuwaeleze habari ya programu ndogo ya ugawaji, ile ambayo hadi sasa inafunguka tu kwenye kompyuta ya ofisi yetu. Kamati zimeuliza maswali mawili. La kwanza: ikiwa inafanya kazi ofisini, kwa nini sisi tulio kambini hatuioni kwenye simu zetu? La pili limeulizwa kwa sauti ya chini zaidi: siku tutakapoiona sisi, ni nani mwingine ataiona? Maswali yote mawili ni ya haki. Tutaanza na la kwanza, kwa maana la pili halieleweki vizuri bila hilo.

Programu hii inafanya nini

Inafanya mambo matatu tu. Inaonyesha siku na mahali pa ugawaji kwa kila bloki. Inaonyesha hesabu ya familia zilizoandikwa katika kila bloki, pamoja na vitu vilivyotolewa: magunia ya unga, mafuta, sabuni, shitingi. Na inamwezesha mtu kuandika namba ya jetoni yake ili ajue kama imo na siku yake ni ipi.

Ninyi wenyewe mnajua kwa nini mambo hayo yanahusu amani. Lori linapochelewa siku mbili, siku ya tatu tunasikia kwamba majina yameuzwa. Siku ya nne tunasikia kwamba wenyeji wa kijiji wamepewa fungu la wakimbizi, au kwamba wakimbizi wamepewa na wenyeji wamesahauliwa. Siku ya tano watu wanarushiana maneno kwenye bomba la maji, na mara nyingine si maneno tu. Habari ikikosekana, uvumi unakaa mahali pake. Kwa hiyo tunataka habari hizi zimfikie kila mtu kwa wakati mmoja, mwenyeji na mkimbizi, bila kumtegemea mtu mmoja mwenye kompyuta.

Kwa nini haionekani nje ya ofisi

Kompyuta kwenye intaneti hutambulikana kwa anwani ya namba. Programu inapoanza kazi hukaa kwenye anwani fulani na kusubiri mtu agonge. Programu nyingi, zikiwashwa mara ya kwanza, husubiri kwenye anwani 127.0.0.1. Maana ya anwani hiyo ni “mimi mwenyewe”. Ni kama mtu aliyejifungia chumbani na kuitika anapojiita yeye mwenyewe. Aliye uani hamsikii, hata akiita kwa nguvu. Hiyo ndiyo sababu ya kwanza.

Sababu ya pili ni njia yetu ya intaneti. Makampuni ya simu mara nyingi huweka wateja wengi nyuma ya anwani moja ya nje. Sisi tunaweza kutoka na kutembelea kurasa za wengine, lakini mgeni wa nje hana namna ya kufika moja kwa moja kwenye kompyuta ya ofisi. Sababu ya tatu mnaijua: umeme. Mafuta ya jenereta yakiisha jioni, programu nayo inalala.

Kwa hiyo watu wengi hukodi seva, yaani kompyuta inayokaa mahali penye umeme na intaneti usiku na mchana, na yenye anwani yake ya nje. Jambo hilo wameliita “wingu”. Seva ndogo inayotosha programu kama yetu hukodishwa kuanzia kama dola 5 kwa mwezi.

Neno wingu lisitudanganye. Kompyuta hiyo haipo angani. Ipo ndani ya nyumba, katika mji fulani, chini ya sheria za nchi fulani, na nyumba huweza kuungua. Tarehe 10 Machi 2021 huko Strasbourg, Ufaransa, moto uliteketeza jengo moja la seva la kampuni OVH na kuharibu sehemu ya jengo la pili. Wateja waliokuwa na nakala ya kazi yao mahali pengine walirudi kazini. Waliokuwa na nakala moja tu, ndani ya jengo hilohilo, wengine walipoteza kila kitu. Tutalirudia jambo hilo la nakala.

Hatua za kuifikisha hadharani

Tutazitaja hatua kwa mpangilio wake, ili vijana wanaojifunza kompyuta wazishike, na viongozi wajue la kuuliza.

Kwanza, kukodi seva na kufunga mlango wa mafundi. Mashine moja ina milango zaidi ya 65,000 yenye namba. Mlango namba 22 ndio fundi anaoupitia kuingia na kufanya kazi. Tangu saa za kwanza seva inapopata anwani ya nje, programu za watu wasiojulikana huanza kuugonga mlango huo na kujaribu maneno ya siri, moja baada ya jingine. Hawatufahamu sisi; wanagonga kila nyumba ya dunia. Dawa yake ni kukataa kabisa kuingia kwa neno la siri, na kutumia ufunguo wa kidijitali uliomo katika kompyuta ya fundi peke yake.

Pili, kumweka mlinzi wa mlango. Programu yetu yenyewe inabaki chumbani, kwenye ile anwani ya “mimi mwenyewe”. Mbele yake tunaweka programu nyingine, kwa mfano nginx, inayopokea wageni mlango namba 80 na namba 443, na kuwapeleka maombi yao ndani. Namna hiyo mgeni hamgusi mwenye nyumba moja kwa moja.

Tatu, ukuta wa ulinzi. Hapa vijana wengi hukwama. Mara nyingi kuta ni mbili: mmoja ndani ya seva yenyewe, na mwingine kwenye ukurasa wa kampuni inayokodisha. Ukifungua mlango kwenye ukuta mmoja na kuusahau wa pili, ukurasa hauonekani, na unaweza kukesha ukitafuta kosa ndani ya programu ambayo haina kosa. Milango ya kufunguliwa ni 80 na 443 kwa watu wote, na 22 kwa fundi. Basi. Hifadhi ya majina na namba isifunguliwe kwa nje hata siku moja. Mwezi Januari 2017 hifadhi nyingi za aina ya MongoDB, katika nchi mbalimbali, ziliachwa wazi kwenye intaneti bila neno la siri. Wahalifu walifuta yaliyomo na kuacha ujumbe wa kudai pesa. Hawakuvunja kitu. Walikuta mlango wazi wakaingia.

Nne, jina. Hakuna mama atakayekumbuka namba ndefu ya anwani. Tunanunua jina, na katika daftari la majina la intaneti tunaandika kwamba jina hili linaelekea anwani ile. Majina ya nchi yetu huishia kwa .cd. Jina hulipiwa kila mwaka, na asiyelipa hulipoteza. Mtu mwingine anaweza kulichukua na kuweka humo habari za uongo kwa jina letu. Ndiyo maana tarehe ya kulipa lazima ijulikane na zaidi ya mtu mmoja.

Tano, kufuli. Bila kufuli, maandishi yanayosafiri kati ya simu yako na seva ni kama barua isiyo na bahasha: kila anayeibeba njiani anaweza kuisoma. Kufuli huletwa na cheti. Zamani vyeti vilikuwa vya kulipia; tangu mwishoni mwa mwaka 2015 shirika la Let's Encrypt hutoa vyeti bure. Cheti chake cha kawaida hakizidi siku 90, kwa hiyo seva ipangwe ijiombee kipya yenyewe kabla muda haujaisha. La sivyo simu zitawaonya watu kwamba ukurasa wetu ni wa hatari, na uvumi mwingine utazaliwa.

Sita, kuhakikisha programu inaamka yenyewe. Seva ikizimwa na kuwashwa tena usiku, programu ianze kazi bila kungoja fundi aamke.

Saba, kuijaribu kutoka nje. Si kwa intaneti ya ofisi. Mtu atoke, achukue simu ya kawaida, atumie megabaiti zake mwenyewe, na aufungue ukurasa akiwa kambini ambako mtandao ni dhaifu. Ukurasa uwe mwepesi, maandishi tu, bila picha kubwa, kwa kuwa megabaiti ni chakula ambacho mtu amejinyima.

Nane, nakala. Kila siku nakala ya hifadhi itolewe, ifungwe kwa siri, na iwekwe mahali pengine kabisa. Na mara kwa mara tujaribu kuirudisha, kwa maana nakala ambayo haijawahi kurudishwa hatuwezi kuitegemea.

Hayo yote ni kazi ya siku moja au mbili kwa fundi mwenye uzoefu. Kuilinda baadaye ni kazi ya kila wiki.

Jirani na adui wanapita mlango mmoja

Sasa tuje kwenye swali la pili, lile lililoulizwa kwa sauti ya chini.

Neno “hadharani” katika intaneti maana yake ni hadharani mbele ya dunia nzima. Seva haijui kumtofautisha mama wa bloki ya tatu na mtu mwenye silaha aliye kilimani. Wote wana simu, wote wanagonga mlango namba 443, wote wanapewa jibu lile lile.

Ndugu wapendwa, baadhi ya kamati zimetuomba tuweke majina yote ya wakuu wa familia kwenye ukurasa, pamoja na kijiji walikotoka, bloki wanamolala na hesabu ya watoto. Sababu yao ni njema. Wanasema: majina yakiwa wazi, majina hewa yatajulikana, na hakuna atakayeshutumiwa tena. Tumelisikia ombi hilo kwa heshima. Lakini tunawaomba tulipime pamoja.

Hapa Ituri hatuhitaji mifano ya mbali. Usiku wa kuamkia tarehe 2 Februari 2022 kambi ya Plaine Savo, teritwari ya Djugu, ilishambuliwa, na watu zaidi ya 50 waliuawa, wengi kwa mapanga. Walikuwa watu waliokwisha kukimbia mara ya kwanza. Jina la ukoo katika nchi yetu husema mtu ni wa kabila gani. Kijiji alikotoka husema zaidi. Bloki husema analala wapi. Mtu mmoja akiyaweka matatu hayo pamoja, ameshatengeneza orodha ambayo hakuna kati yetu angependa kuiona mikononi mwa mwenye chuki. Karatasi iliyobandikwa ubaoni husomwa na waliopo, tena mvua huinyeshea. Kilichowekwa kwenye intaneti hunakiliwa mara moja, na hata sisi tukikifuta, nakala inabaki kwa aliyekichukua.

Kuna mfano wa pili, unaoonyesha kwamba hata walio na uwezo mkubwa kuliko sisi hufikiwa. Mwezi Januari 2022 Kamati ya Kimataifa ya Msalaba Mwekundu ilitangaza kwamba seva zenye habari za watu zaidi ya 515,000 ziliingiliwa. Walikuwa watu wa kazi ile ya kuunganisha familia zilizotengana: waliopotea, waliofungwa, waliohama kwa sababu ya vita na majanga. Habari zao zilitoka kwa vyama vya Msalaba Mwekundu na Hilali Nyekundu visivyopungua 60. Uchunguzi ulionyesha kwamba wavamizi waliingia tarehe 9 Novemba 2021, kupitia udhaifu katika programu moja ambayo marekebisho yake hayakuwa yamewekwa. Walikaa ndani wiki kadhaa bila kujulikana.

Tunajifunza mambo mawili. La kwanza: marekebisho ya programu si ya kungoja. La pili ni kubwa zaidi: habari pekee isiyoweza kuibiwa kwenye seva ni ile ambayo haikuwekwa humo. Ndiyo maana tunasema kila kitu kisichohitajika na ukurasa kibaki nje ya seva. Daftari la majina libaki mahali pake, chini ya kamati.

Je, uwazi utapatikanaje bila majina?

Kama tukikataa majina na kuishia hapo, tutakuwa tumeacha shutuma zikiendelea. Kwa hiyo tunapendekeza njia hii.

Ukurasa uonyeshe hesabu kwa kila bloki: familia ngapi zimeandikwa, jetoni ngapi zimetolewa, ngapi zimepokea, nini kimebaki. Hesabu hizo ndizo zinazofichua majina hewa. Bloki yenye vibanda 80 ikionyeshwa kuwa na familia 130, kila mtu kambini ataona, bila kuhitaji kumjua mtu hata mmoja kwa jina. Kisha kamati, ikiwa na mjumbe wa wenyeji na mjumbe wa wakimbizi, wanawake kwa wanaume, ifungue daftari la karatasi na kuhesabu mbele ya bloki husika.

Mwenye jetoni naye aandike namba yake na apewe jibu fupi: ipo au haipo, na siku ya kufika. Bila jina, bila kijiji, bila hesabu ya watoto. Na hapa fundi awe makini. Jetoni zikifuatana 1, 2, 3, 4, mtu yeyote anaweza kukaa na kuandika namba zote mpaka apate picha nzima ya kambi. Namba ziwe ndefu na zisifuatane, na anayekosea mara nyingi mfululizo azuiliwe kwa muda. Jetoni ikipotea, mwenyewe aende kwa kamati ana kwa ana, kwa sababu simu haiwezi kumtambua mama, lakini jirani zake wanamtambua.

Maswali ya kumwuliza kila anayeandika majina yenu

Siyo sisi peke yetu tunaokuja kambini na karatasi na simu. Mashirika ni mengi. Viongozi, msione haya kuuliza. Tangu tarehe 13 Machi 2023 nchi yetu ina sheria ya mambo ya kidijitali, Ordonansi-Sheria namba 23/010, yenye sehemu inayolinda habari za mtu binafsi. Kwa hiyo kuuliza ni haki yenu. Ulizeni hivi:

Kwanza, mnachukua habari gani, na kila moja ni ya kazi gani? Isiyo na kazi isiandikwe.

Pili, seva iko nchi gani, na ni nani mwenye funguo zake?

Tatu, ni sehemu gani inaonekana na watu wote, na ni sehemu gani inaonekana na wafanyakazi tu? Waambieni wawaonyeshe kwenye simu yenu, si kwenye yao.

Nne, nakala ziko wapi, na zitafutwa lini mradi ukiisha?

Tano, mfanyakazi akiacha kazi, ufunguo wake unafungwa siku gani? Jibu zuri ni “siku ileile”.

Sita, habari zikiibiwa, mtatuambia baada ya muda gani na kwa njia gani?

Asiyeweza kujibu, mwambieni arudi akiwa na majibu. Hamtakuwa mmemkosea adabu.

Ubao usitupwe

Mwisho, tusiweke matumaini yote katika intaneti. Baada ya uchaguzi wa tarehe 30 Desemba 2018, intaneti ilikatwa nchini kote siku iliyofuata, na haikurudi mpaka baada ya wiki kama tatu. Seva ilikuwa inaweza kufanya kazi vizuri kabisa huko iliko, na hakuna ambaye angeifikia. Tena katika kambi wako wazee wasiosoma, wamama wasio na simu, na wenye simu ndogo zisizofungua ukurasa. Kwa hiyo ubao wa kamati utabaki, matangazo kwa megafoni yatabaki, na redio ya jamii itaendelea kusoma tarehe. Kilichoandikwa ubaoni na kilichoandikwa kwenye ukurasa viwe kitu kimoja, na mtu wa kuvilinganisha kila asubuhi atajwe na kamati.

Waheshimiwa, seva tunaweza kuiwasha. Lakini hatutaufungua mlango namba 443 kabla kamati zenu hazijakaa na kuamua yaonekane nini na yasionekane nini. Tunaomba kila kamati ijadili jambo hili bloki kwa bloki, na wanawake na vijana wawepo, kwa maana wao ndio wanaokwenda shambani na kisimani, na hatari huwakuta wao kwanza. Bloki moja ikisema habari fulani inawahatarisha, habari hiyo haitawekwa, hata kama bloki nyingine zote zimekubali. Leteni majibu kwa maandishi au kwa mjumbe, na tutayasoma mbele ya wote, wenyeji na wakimbizi, katika kikao kimoja.

Amani ya kweli ianze nyumbani kwa kila mmoja wetu.